Ng'ombe Wasishuke

Siku Chenge alipokuja Mkuyuni kumfukuza shemeji yake, alikuja amefunga tai na kushika futi kamba. Hodi hakubisha. Alianza na mlango wa mbele, akaupima upana, akaingia hadi mlango wa chumbani, akapima tena. Mdogo wake Machibya, ambaye ndiye hasa mwenye mke, alisimama uani akichokonoa meno yasiyokuwa na kitu. Sabina alikuwa nyuma ya karai la mafuta akikaanga mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwanda vikishakata minofu ya kupeleka Ulaya. Soko huria lilikuwa limeleta neema hiyo: nyama kwa Wazungu, mifupa kwa wenye ziwa. Akageuza panki moja, akauliza:

"Shemeji, nyumba unaishonea suti?"

"Napima kama kabati litapita," Chenge akajibu.

"Kabati la nani?"

Chenge akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatazama kuku. Hakukuwa na haja ya kujibu, maana Mkuyuni nzima ilijua kabati ni la nani. Lilikuwa la Odeta, mwenye grosari kule Mirongo. Machibya, tangu alipopunguzwa kazi kiwandani, alikuwa akipeleka kreti za soda kwa Odeta na mkokoteni. Baadaye akawa anabaki kidogo kusaidia kupanga chupa. Baadaye akawa anabaki tu.

"Baba Selina," Sabina akamwita mumewe, "nakuuliza wewe. Mdomo umeuazimisha kwa kaka yako?"

"Mama Selina, mambo yameshakuwa hivi," Machibya akasema polepole. "Tusigombane. Kiwanja kina jina langu, unajua."

"Ndoa ni ng'ombe," Chenge akadakia, akiikunja futi kamba yake kama fundi aliyemaliza kazi. "Ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha. Baba yako arudishe mahari yetu, wewe uchukue nguo zako uende. Vyombo vya kukaangia tunakuachia. Hata hilo karai chukua, sisi si watu wabaya."

Hata karai! Karai ambalo Sabina mwenyewe alilinunua kwa jasho lake, leo anapewa kama zawadi ya sikukuu. Majirani walikuwa wameshajaa kwenye ua wa michongoma, na wateja wawili walikuwa wanasubiri mapanki yao huku masikio yamesimama. Hakuna kinachouma kama kudharauliwa mbele ya mteja. Hasira zikampanda Sabina hadi kwenye paji la uso, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo binti yeyote wa Kisukuma mwenye kiburi cha kwao angelifanya.

"Ng'ombe zenu mtazipata!" akasema, akiwanyooshea mwiko. "Mnadhani kwa Masalu kuna njaa? Alhamisi hii, kivukoni, mje na kamba zenu!"

Jioni hiyohiyo alimtuma mchuuzi wa samaki aliyekuwa anavuka ziwa kwenda Kamanga amfikishie baba yake habari. Jibu lilirudi upesi kuliko alivyotarajia. Mzee Masalu alisema hawezi kula ng'ombe za watu wasiomtaka binti yake, na kwamba Alhamisi asubuhi atavuka nao yeye mwenyewe. Sabina akalala usingizi mzuri. Alijiona ameshinda.

* * *

Aliyemwamsha katika ushindi huo alikuwa jirani yake Getruda, muuza khanga, mwanamke aliyekuwa na ushauri juu ya kila jambo na mara moja moja akapatia.

"Umemwambia baba yako nini?" Getruda akashika kichwa. "Na utalala wapi wewe? Na Selina je? Na mapanki utakaangia barabarani? Vaa viatu. Tunakwenda kwa wakili."

"Wakili si wa watu walioua?"

"Vaa viatu, Mama Selina."

Ofisi ya Wakili Gulbanu ilikuwa Mirongo, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Sabina alikuwa ameoga kwa sabuni mara mbili, lakini harufu ya mafuta ya samaki ni mwenzi asiyetoa talaka. Kwenye benchi la kusubiria, bwana mmoja mwenye mkoba alisogea, akasogea tena, hadi akabaki amekalia nusu tako. Sabina akainamisha uso. Alitamani arudi nyumbani. Mlango ukafunguliwa, akatokea mama wa Kihindi wa makamo, mnene kidogo, miwani juu ya nywele.

"Nani ananukia sangara?" akauliza kwa sauti. "Mimi sijala tangu asubuhi, mnanitesa bure. Ingia, mama, ingia."

Basi Sabina akacheka, na kucheka kule kukamfungua ulimi. Alieleza yote, kuanzia kreti za soda hadi futi kamba. Gulbanu alisikiliza bila kumkatiza, isipokuwa pale alipotaka kujua jambo.

"Anakupiga?"

Sabina akamtazama Getruda. Getruda akakohoa.

"Getruda ameniambia niseme ananipiga."

"Sikukuuliza Getruda amesema nini."

"Basi hanipigi. Aliwahi kunirushia kandambili."

"Ikakupata?"

"Ikampata kuku."

"Basi usiseme anakupiga," Gulbanu akasema. "Ukisema uongo mmoja, mia ya kweli itakuozea mikononi. Hiyo ya kuku tutaiacha hapohapo." Akavuta kiti karibu. "Sasa sikiliza. Ndoa yako hakuivunja Chenge, na haitavunjwa na ng'ombe. Talaka inatolewa na mahakama. Mpaka mahakama iseme, wewe ni mke wa mtu na pale ni kwako. Usihame. Wakitupa nguo zako nje, zikunje uzirudishe ndani."

"Lakini kiwanja kina jina lake."

"Jina ni jina. Mahakama itauliza jasho. Nani alijenga?"

Sabina akaeleza. Kiwanja chao kilikuwa kimekaliwa na jiwe, lile la Mwanza hasa, kubwa kuliko lori, ndiyo maana kiliuzwa rahisi. Machibya alikuwa bado kiwandani, zamu ya usiku. Ni Sabina aliyekuwa akiwasha moto juu ya jiwe, akalimwagia maji, akalipasua kwa nyundo vipande kwa vipande, akiwa na mimba ya Selina, hadi likaisha. Kokoto zake ndizo zilizolala kwenye msingi. Bati zilinunuliwa kwa mshahara wa Machibya.

"Na hilo nalo useme," Gulbanu akasema. "La bati. Usilifiche. Nyumba yote sikuahidi, mimi si mganga. Nitapigania utoke na haki yako, mtoto awe na wewe na baba yake amwone. Ada utanilipa kidogo kidogo, na kila ukilipa chukua risiti. Usiponilipa nitakudai, mimi si shangazi yako."

"Nashukuru, mama wakili," Sabina akasema. Alijisikia ana mgongo tena. Akaongeza kwa fahari, ili naye aonekane si wa kusaidiwa tu, "Na kwetu hatudaiwi. Baba yangu kesho asubuhi anavuka na ng'ombe wao wote."

Kalamu ya Gulbanu ikasimama.

"Anavuka na nini?"

"Ng'ombe wa mahari. Nimemwambia awarudishie."

"Umemwambia *wewe*?" Gulbanu akavua miwani. "Mama Selina, mimi nimezaliwa Magu, dukani kwa baba yangu, nimekua naziona kesi za ng'ombe kabla sijajua kusoma. Kwenu, baba anarudisha mahari wakati gani?"

Sabina akafikiri. "Binti akiwa na makosa. Akiwa mzinzi, au mchawi, au ametoroka."

"Wewe ni yupi katika hao?"

Sabina akahesabu kwa vidole, mzinzi, mchawi, mtoro, akajikuta hayumo.

"Kesho baba yako akikabidhi kamba," Gulbanu akasema, "Chenge atakwenda mahakamani na mashahidi wa kivukoni wote. Atasema, mnaona, hata baba mzazi amekiri binti yake ndiye mwenye kosa, ndoa wameivunja wenyewe kimila, na nyumba aliiacha kwa hiari. Mimi nitajibu, lakini nitajibu nikiwa nimekaa chini. Pantoni ya kwanza inafika saa ngapi?"

* * *

Pantoni ilipoonekana asubuhi, Chenge na Machibya walikuwa wameshasimama kivukoni na kamba mabegani. Chenge alikuwa na tai ileile. Mawimbi yalikuwa madogo, jua limechomoza, na wanawake wachuuzi walikuwa wamekaa juu ya ndoo zao wakisubiri dagaa. Sabina na Gulbanu walifika mbio. Gulbanu alikuwa ameliacha gari lake bovu katikati ya njia, milango wazi, mwavuli mkononi ingawa hakukuwa na mvua.

Mzee Masalu alionekana kabla pantoni haijagusa. Alisimama mbele kabisa, koti refu la mvua, katambuga za matairi miguuni, fimbo mkononi, na nyuma yake ng'ombe wamepangana vizuri kuliko abiria. Uso wake ulikuwa wa mtu anayelipa deni ili asisemwe. Sabina alipomwona hivyo alitaka kulia. Ni yeye aliyemvalisha baba yake aibu ile, kwa ulimi wake mwenyewe.

Mlango wa pantoni ukateremshwa. Ng'ombe wa kwanza, dume jekundu lenye pembe moja iliyopinda, likaweka mguu kwenye zege.

"Ng'ombe wasishuke!" Gulbanu akapiga kelele, akiinua mwavuli.

Dume likasimama. Nyuma likasimama kundi zima, nyuma ya kundi likasimama lori la mihogo, na dereva wa lori akalala juu ya honi.

"Nani huyo Mhindi anayezuia ng'ombe zangu?" Mzee Masalu akauliza.

"Mwangaluka, baba," Gulbanu akamwamkia kwa Kisukuma, na akapiga goti kidogo, vizuri kabisa, kama waliozaliwa Magu wanavyojua.

Mzee akashtuka. Akaitikia kwa sababu salamu haikataliwi. Sabina akapita chini ya mwavuli akamwendea, akapiga goti kwenye maji ya pantoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyu nani?"

"Wakili wangu, baba. Naomba umsikilize. Mimi nilikosea kukuita."

"Mzee, wakati ni mali!" Chenge akaingilia, ameshalinyooshea mkono dume. "Mambo ya familia hayaingizwi watu wa nje. Lete kamba."

"Ngoja, kijana," Gulbanu akasema bila kumtazama. "Baba, nina swali moja tu, kisha utafanya utakavyo. Binti yako ana kosa gani?"

"Hana kosa."

"Basi faini unayomlipia ni ya nini?"

Mzee Masalu aliwatazama ng'ombe wake, mmoja baada ya mwingine, kama anayewauliza wao. Honi ya lori ilinyamaza, maana dereva naye alikuwa ameshateremka aje asikie. Hatimaye mzee akamgeukia Chenge.

"Mlimwona binti yangu na mwanamume?"

"Hapana, mzee, lakini..."

"Aliroga mtu?"

"Hapana, ila mdomo! Mzee, Sabina ana mdomo. Hata juzi ameniambia nashonea nyumba suti."

"Mdomo alikuwa nao mlipokuja kumposa," Mzee Masalu akasema. "Niliwaambia mbele ya wazee. Na nikawapunguzia ng'ombe mmoja kwa sababu hiyohiyo. Mmesahau?"

Wachuuzi waliangua kicheko hadi ndoo zikalia. Mmoja akapiga kigelegele. Machibya, ambaye kamba ilikuwa imeshamteleza begani, alitazama maji. Mzee akalipiga dume kofi dogo puani, likarudi nyuma. Wenzake wakarudi nyuma vilevile, kwa ng'ombe njia ni njia tu.

"Mzee, ng'ombe wakirudi wanalipa nauli upya!" mtu wa tiketi akalalamika.

"Hawajashuka," wachuuzi wakamjibu kwa pamoja. "Mguu mmoja tu!"

Mabishano hayo yalidumu kuliko yale ya ndoa, na mtu wa tiketi akashindwa. Mzee Masalu akavuka tena kwenda Kamanga na ng'ombe wake, akiwa amewaonyesha ziwa.

* * *

Sheria inataka wanaotaka kuachana wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na baraza likishindwa liandike kwamba limeshindwa. Tatizo la kata yao lilikuwa Mzee Shimba, mwenyekiti wa baraza. Tangu akalie kiti kile, Mzee Shimba hakuwahi kushindwa. Alikuwa akijitapa hadi misibani kwamba katika kata yake hakuna ndoa iliyovunjika, na ilikuwa kweli, kwa sababu alikuwa hasaini. Wanandoa waliokuwa wakilala nyumba tofauti kwa miaka, yeye aliwahesabu kuwa wamepatana.

"Nami siruhusiwi kuingia," Gulbanu akamwambia Sabina mlangoni. "Baraza ni lenu wenyewe, mawakili hawasemi humo. Kwa hiyo utasema wewe. Sema kilichopo, usitukane, na usimtaje Odeta kwa jina la mnyama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akabaki nje, kwenye kigogo, na karanga zake za pakiti.

Mara ya kwanza Mzee Shimba aliwaambia wakale pamoja ugali wa sahani moja. Mara ya pili akawaambia wakasali. Mara ya tatu ilinyesha mvua kubwa, na Machibya aliyekuwa hana cha kujikinga akajibanza kwenye mwavuli wa Sabina tangu barabarani. Walipoingia hivyo, bega kwa bega, Mzee Shimba akasimama kwa furaha na kuwaonyesha wajumbe.

"Mnaona? Mnaona? Wamerudiana!"

"Hapana!" wakasema wote wawili, kwa sauti moja, na wajumbe wakacheka.

"Hata kukataa mnakataa pamoja," mzee akasema. "Mimi siandiki kitu. Nendeni nyumbani."

Sabina hakutoka. Alikuwa ameloa, amechoka, na ameiacha biashara kwa Getruda ambaye huwapa wateja panki la nyongeza kwa huruma. Lakini alikumbuka alivyoagizwa, akaishusha sauti.

"Babu, shikamoo tena," akasema. "Mwavuli nimempa kwa sababu ni baba wa mwanangu na mvua inanyesha. Sina kisasi naye. Lakini usiku anakwenda kulala kwingine, asubuhi kaka yake anakuja kupima milango yangu. Siwezi kulala ndani ya nyumba inayopimwa. Ukituambia turudi nyumbani, yeye nyumbani kwake ni Mirongo. Anayerudi ni mimi peke yangu. Sasa tunazungumza bila kutukanana. Tuache tuachane wakati huu, kabla hatujaanza kuchukiana, mtoto akaona."

Mvua ilisikika juu ya bati. Mzee Shimba akamgeukia Machibya.

"Na wewe?"

"Ni kama alivyosema, babu," Machibya akasema. Pengine ndilo jambo la kwanza walilokubaliana mwaka ule.

Haikuwa rahisi kwa Mzee Shimba, na tusimcheke. Aliipenda ile sifa yake kama watu wengine wanavyopenda watoto. Mwishowe akaomba kalamu, akaandika, akapiga muhuri, kisha akamkabidhi Sabina karatasi bila kumtazama. "Usimwambie mtu kuwa nimeshindwa," akasema. "Sema mmenizidi."

* * *

Mahakama ya wilaya ilichukua muda wake, kama mahakama zote, lakini siku iliyoamua jambo ilikuwa fupi. Chenge alikuwa amemfundisha mdogo wake usiku kucha: nyumba niliijenga mimi, kwa mshahara wangu, mke alikuwa mpishi tu. Machibya aliyasema hayo hadi mwisho, akimeza mate kila kituo. Gulbanu akasimama. Hakumgombeza. Alimuuliza bati zilinunuliwa na nani, akasema yeye, na Gulbanu akakubali. Kisha akauliza:

"Baba Selina, kiwanja kilikuwa na jiwe. Nani alilipasua?"

Machibya akamtazama kaka yake. Chenge alikuwa amekaa mstari wa mbele akimtolea macho. Machibya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusukumwa, na siku ile, sijui kwa nini, akachoka kusukumwa.

"Sabina," akasema.

"Peke yake?"

"Peke yake. Mimi nilikuwa zamu ya usiku, mchana nalala. Nilikuwa nikisikia nyundo usingizini." Akamtazama Sabina. "Mikono yake ilikuwa inatoka damu. Nilimwambia apumzike, akakataa."

Sabina hakutegemea kulia, lakini machozi yalimtoka palepale, mbele ya hakimu na karani na watu wa kesi nyingine. Hakuililia nyumba. Alimlilia yule Machibya aliyekuwa akimwambia apumzike, ambaye alikuwepo kweli, wala Sabina hakuwa amemwota. Gulbanu alimpa leso bila kugeuka.

Talaka ikatolewa. Selina akabaki kwa mama, baba yake amchukue Jumapili. Nyumba, hakimu akasema, ni ya wote wawili, kila mmoja ana sehemu yake. Ama iuzwe wagawane, ama mmoja amlipe mwenzake sehemu yake abaki nayo.

Hapo ndipo Sabina alipokwama. Walikaa kwenye ngazi za mahakama, yeye, Gulbanu na Mzee Masalu aliyevuka kuja kusikiliza. Machibya alikuwa ametaka fedha taslimu, maana Odeta alikuwa na mpango wa kuleta friji la pili. Mapanki hayawezi kununua nusu ya nyumba, hata ukaange mwaka mzima. Itauzwa, Sabina akawaza, na atapanga chumba kimoja huko Igoma, mlango utakaopimwa na mwenye nyumba.

"Nilikwambia mimi si mganga," Gulbanu akasema taratibu. Hakuwa na furaha.

Mzee Masalu alikuwa akichora mchanga kwa fimbo.

"Mama wakili," akauliza, "mahakama inatambua ng'ombe?"

"Inatambua nini, baba?"

"Kama bei. Mtu akilipa nusu ya nyumba kwa ng'ombe, sheria inakataa?"

Gulbanu akamtazama, kisha akaanza kucheka, polepole, hadi miwani ikateremka kutoka kwenye nywele. "Mwenzake akikubali thamani yao, sheria haikatai kitu."

"Baba, hapana," Sabina akasema. "Wale ndio uzee wako."

"Walikuja zizini kwa ajili yako," Mzee Masalu akasema. "Mimi niliwachunga tu. Unadhani niliwalea miaka yote ili waniimbie?"

Machibya alikubali kabla Chenge hajapata nafasi ya kumshauri. Karatasi iliandikwa, na Gulbanu akasisitiza sentensi moja iwekwe wazi: kwamba wanyama hao ni malipo ya sehemu ya nyumba, na si marejesho ya mahari. Wiki hiyo pantoni ikaleta tena lile dume la pembe iliyopinda na wenzake, na safari hii walishuka wote, Gulbanu akiisoma ile karatasi kwa sauti. Chenge, akipokea kamba, hakuweza kujizuia. Akawatangazia wachuuzi kwamba ukoo wa Masalu hatimaye umerudisha mahari.

"Mahari gani?" mmoja akamjibu kutoka kwenye ndoo yake. "Mmeuza nyumba nyie. Tumesikia ikisomwa."

* * *

Kutoka kivukoni Mzee Masalu na binti yake walitembea hadi Mkuyuni, hawana haraka. Jua lilikuwa limeinama. Selina aliwakimbilia, akamshika babu yake fimbo, akamvuta hadi mlangoni. Hapo mzee akasimama.

Tangu Sabina aolewe, Mzee Masalu hakuwahi kuuvuka mlango ule. Kila akija mjini alikuwa akikaa uani, juu ya kigoda, anakunywa maji, anauliza habari, kisha anakwenda kulala kwa mtu wa kijijini kwao hata kama ni mvua. Alikuwa mtu wa mila: baba mtu halali nyumbani kwa mkwewe. Sabina alishazoea kumpelekea chakula nje, na kila mara moyo ulimuuma.

"Hodi," mzee akasema.

"Karibu, baba."

Hakuingia. Alitazama mlango, bati, ukuta, kisha akamtazama binti yake.

"Hapa ni kwa nani?"

Sabina alitaka kumjibu kwa utani, kama ilivyokuwa desturi ya mdomo wake, lakini utani haukuja.

"Kwangu, baba," akasema. "Ni kwangu."

Mzee Masalu akavua katambuga zake, akaziweka pembeni ya mlango, moja kando ya nyingine.

"Basi niwekee maji ya kuoga," akasema akiingia. "Leo nalala."